Badiliko gani husamehewa? Wasomaji, watazamaji na The Wheel of Time

Katika A Storm of Swords, riwaya ya George R. R. Martin iliyotoka mwaka 2000, Catelyn Stark anachinjwa harusini mara baada ya kumwona mwanawe akiuawa. Kurasa za mwisho kabisa za kitabu zinamrudisha akiwa maiti iliyofufuliwa, koo limekatwa, hawezi kusema sawasawa, naye anaongoza kundi linalonyonga kila aliyehusika na usaliti ule. Wasomaji waliingoja kwa hamu sura hiyo ifike kwenye Game of Thrones, tamthilia ya runinga iliyotokana na vitabu vyake. Msimu wa 4 ulikwisha Juni 2014 bila yeye, na tamthilia nzima ikaisha bila yeye. Martin mwenyewe amesema hadharani kwamba alitamani abaki. Wasomaji walinung'unika, wakaendelea kutazama.

Mei 2019, katika tamthilia hiyohiyo, malkia Daenerys Targaryen aliuteketeza mji wa King's Landing kwa moto wa joka, kengele za kusalimu amri zikiwa zimeshalia. Hapo hakuna kilichofutwa kitabuni, kwa kuwa kitabu cha sehemu hiyo hakijatoka, na Martin alikuwa amewadokezea waandaaji, David Benioff na D. B. Weiss, mambo makuu ya mwisho wa hadithi yake. Hata hivyo watu zaidi ya milioni moja walitia saini ombi la mtandaoni wakitaka msimu wa 8 utengenezwe upya na waandishi wengine. Septemba mwaka huohuo msimu huo ukapewa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora.

Kwa hiyo kumfuta mhusika mzima kulisamehewa, na tukio ambalo huenda ni la mwandishi mwenyewe halikusamehewa. Anayedhani kwamba shabiki wa riwaya za fantasia hukaa mbele ya runinga na kitabu mapajani akihesabu tofauti hawezi kulieleza jambo hili. Mimi naamini lina maelezo, na tamthilia inayoyaonyesha vizuri kuliko zote ni The Wheel of Time, kwa sababu ilianza kwa kuwakasirisha sana watu wake na ikawarudisha wengi kabla haijakatishwa.

Waliosubiri miaka thelathini

Robert Jordan, ambalo ni jina la kalamu la James Oliver Rigney, alitoa The Eye of the World mwaka 1990. Mfululizo huo uliishia juzuu 14 na maneno zaidi ya milioni 4, mbali na kitabu kimoja cha matukio ya awali. Mwaka 2006 Jordan alitangaza kwamba ana amiloidosisi, ugonjwa uliokuwa ukiushambulia moyo wake, na Septemba 2007 akafariki kabla ya kumaliza. Aliacha madokezo na masimulizi aliyowaambia watu wa karibu wayahifadhi, ikiwemo sehemu ya mwisho wenyewe. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wa vitabu hivyo tangu cha kwanza, alimteua Brandon Sanderson amalizie. Sanderson alikua akivisoma vitabu hivyo. Zikatoka juzuu tatu, ya mwisho ikiwa ya Januari 2013.

Nayasimulia haya kwa sababu asiyeyajua ataiona hasira ya msomaji kuwa ni utoto. Mtu aliyeanza juzuu ya kwanza akiwa shuleni aliifunga ya mwisho akiwa na watoto wake. Katikati alimwombolezea mwandishi, akakubali mkono mwingine ushike kalamu, akashukuru kwamba hadithi imeisha. Prime Video, huduma ya video ya Amazon, ilipoleta tamthilia Novemba 2021, mtu huyu hakuwa anasubiri burudani ya jioni. Alikuwa anasubiri ulimwengu alioubeba kichwani kwa miongo mitatu uonekane na wengine, apate hatimaye wa kuzungumza nao.

Tena alikuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi. Februari 2015 kituo cha FXX kilirusha usiku wa manane kipindi kifupi kilichoitwa Winter Dragon, kilichotengenezwa kwa haraka wakati muda wa haki za kuigiza vitabu hivyo ulikuwa unakaribia kwisha. McDougal alisema kilitengenezwa bila yeye kujua. Walioukumbuka mkasa huo waliingia mwaka 2021 wakiwa macho.

Kuna jambo lingine ambalo watazamaji wapya hawalioni kirahisi. Msomaji ni mlinzi wa siri. Kipindi cha mauaji ya harusini kiliporushwa kwenye Game of Thrones Juni 2013, waliosoma walikuwa wamekaa na siri hiyo miaka 13. Wengi waliweka kamera sebuleni kuwarekodi ndugu na marafiki wasiojua kinachokuja, na video zile za watu wakipiga mayowe zilienea kote duniani. Mlikuwa na furaha ndani yake, furaha ya kuona maumivu niliyoyapata mimi peke yangu na kitabu changu yakimpata na mwenzangu. Tamthilia inapobadilisha tukio, cheo hicho cha ulinzi kinaondoka. Msomaji anageuka mgeni katika nyumba aliyoijua kila mlango, na hata badiliko zuri humkuta akiwa amekwisha kupoteza kitu.

Sheria za ulimwengu

Lakini huzuni ya namna hiyo hupoa. Isiyopoa ni ile inayotokana na kuvunjwa kwa sababu za mambo.

Katika vitabu vya Jordan, nguvu inayoendesha ulimwengu ina pande mbili: saidar ya wanawake na saidin ya wanaume. Miaka elfu tatu kabla ya hadithi kuanza, saidin ilitiwa najisi, na tangu hapo kila mwanamume anayeigusa huishia kuwa kichaa na kuwaangamiza walio karibu naye. Ndiyo maana Aes Sedai, wanawake wa Mnara Mweupe, huwasaka wanaume wa aina hiyo na kuwaondolea uwezo wa kuitumia nguvu hiyo. Ndiyo maana pia unabii wa kuzaliwa upya kwa Joka, jina la shujaa wa kale, unatisha. Mkombozi pekee wa dunia ni mwanamume, naye lazima atumie kitu kitakachomtia wazimu. Ukiondoa hofu hiyo, siasa za Mnara, uhusiano wa wanaume na wanawake, na upweke wa Rand al'Thor, kijana ambaye ndiye Joka, katika juzuu 14 vyote vinabaki bila mzizi.

Tamthilia ilifungua kwa kusema kwamba Joka anaweza kuwa yeyote kati ya vijana wa kijiji cha Emond's Field, wa kiume au wa kike. Nia ya msimamizi wake, Rafe Judkins, inaeleweka. Kitabu cha kwanza kinamfuata Rand karibu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo fumbo halidumu, na Egwene na Nynaeve, wanawake wawili wa kijiji hicho ambao baadaye ni nguzo za hadithi, hapo bado wamekaa kando. Fumbo liliwapa uzito tangu siku ya kwanza. Lakini wasomaji waliona papo hapo kilichovunjika: kama Joka anaweza kuwa mwanamke, basi anaweza kuwa mtu asiyeingia wazimu. Dunia ingemngoja kwa matumaini. Anaogopwa kwa nini?

Watazamaji wapya hawakusumbuka nalo, na hawakuwa na kosa. Hawakuwa wameoneshwa uzito wa wazimu ule kiasi cha kuukosa. Hapa ndipo mabishano mengi ya mwaka 2021 yalipokwama: upande mmoja ukiuliza kosa liko wapi ilhali kipindi kinavutia, upande wa pili ukijaribu kueleza ufa ambao ungeonekana vizuri misimu mitatu mbele.

Kipindi cha mwisho cha msimu wa 1 kiliongeza chumvi kwenye kidonda. Kitabuni, Rand ndiye anayeligeuza pambano la Tarwin's Gap, na nguvu anayoitumia inamtisha yeye mwenyewe. Kwenye runinga jeshi la Trollok, viumbe nusu mtu nusu mnyama, linaangamizwa na wanawake watano walioungana, Nynaeve anaungua hadi anaonekana amekufa, kisha Egwene anamrudisha. Judkins alieleza baadaye kwamba hakuwa amekufa. Maelezo hayo hayakuwatosha wengi, kwa sababu vitabu vinasisitiza kwamba kifo hakiponyeki, na msomaji anajua ni wahusika wangapi watakaolia juu ya maiti huko mbele kwa sababu ya sheria hiyo. Ukilegeza sheria mara moja, kila kifo kinachofuata kinapungua bei.

Perrin na mambo ya ndani ya kichwa

Si kila badiliko lililochukiwa ni la aina hiyo. Kisa cha Perrin Aybara kina ugumu wake, nami nasita kumlaumu mtu.

Perrin wa kitabuni ni kijana mkubwa wa mwili, fundi wa uhunzi, aliyejifunza tangu utotoni kwenda polepole asije akamuumiza mtu. Safari yake yote ni kati ya shoka na nyundo: atabomoa au atajenga? Lakini vita hivyo viko ndani ya mawazo yake, kurasa kwa kurasa. Kamera haiingii humo. Mwigizaji aliyekaa kimya anaweza kuonekana hana la kufanya. Basi tamthilia ikampa mke, Laila, na katika kipindi cha kwanza Perrin akamuua kwa bahati mbaya katikati ya mapigano na Trollok. Sasa hofu yake ya ukatili ina uso na jina, na mtazamaji hahitaji kuelezwa.

Kwa ufundi wa runinga, ni suluhisho. Waliolipinga hawakulipinga kwa sababu tu halimo kitabuni. Walisema, kwa haki kabisa, kwamba mwanamke ameumbwa ili afe na kumpa mwanamume huzuni, na kwamba jeraha kubwa kiasi hicho lingehitaji misimu kadhaa ya kuuguzwa, jambo ambalo hadithi haikuwa na nafasi nalo. Sanderson, aliyekuwa mshauri wa tamthilia, alisema waziwazi kwamba hakukubaliana na uamuzi huo na kwamba alipendekeza atakayepatwa na shoka awe Luhhan, mhunzi aliyemfundisha Perrin kazi. Pendekezo lake linaonyesha kitu. Naye alikubali kwamba hofu ya ndani inahitaji tukio la nje. Alichokataa ni tukio lenye deni ambalo hadithi isingeweza kulilipa.

Yasiyokuwa uamuzi wa mtu

Mtazamaji huona kila kitu kwenye skrini kama jambo lililokusudiwa. Msimu wa 1 ulikuwa unapigwa picha Prague wakati janga la korona liliposimamisha kazi Machi 2020. Barney Harris, aliyeigiza Mat Cauthon, mmoja wa vijana wa Emond's Field, aliondoka kabla upigaji haujaisha, na vipindi viwili vya mwisho ikabidi viandikwe upya bila Mat. Ndiyo maana kipindi cha 6 kinaishia Mat akibaki nyuma wenzake wanapovuka lango. Kwa msomaji anayempenda Mat, ilikuwa kama kumwona ndugu yake akifanywa msaliti. Dónal Finn aliichukua nafasi hiyo msimu wa 2, na taratibu Mat akarudi kuwa Mat.

Haki za kisheria nazo hubana. Tamthilia ya The Rings of Power ya mwaka 2022 ilitengenezwa kwa kutumia The Hobbit na The Lord of the Rings za J. R. R. Tolkien pamoja na viambatisho vyake, bila haki za The Silmarillion, ambamo enzi zile za kale zimesimuliwa kwa upana zaidi. Waandishi walilazimika kujaza mapengo ambayo Tolkien alikuwa ameshayajaza katika kitabu wasichoruhusiwa kukigusa.

Rangi, na hoja inayojificha nyuma ya kitabu

Kuna hasira ambayo haistahili kuwekwa kwenye kapu moja na hizi nyingine. Emond's Field ya runinga ina Perrin wa Marcus Rutherford, Nynaeve wa Zoë Robins na Egwene wa Madeleine Madden, na tangu waigizaji walipotangazwa yalianza maneno kwamba kijiji kilichojitenga hakiwezi kuwa na watu wa rangi mbalimbali. Hoja hiyo ilivaa joho la uaminifu kwa kitabu: Rand anatakiwa kuonekana tofauti, kwa kuwa kwa asili ni wa Aiel, watu wapiganaji wa jangwani. Lakini Rand wa Josha Stradowski, mrefu mwenye nywele nyekundu, anaonekana tofauti kijijini pale kuliko hata ambavyo angeonekana katikati ya weupe wenzake. Sababu ya kitabu imetimia. Kilichobaki cha kulalamikia ni ngozi tu.

Historia yenyewe inatoa kipimo. Ursula K. Le Guin aliandika kwamba Ged, shujaa wa Earthsea, ana ngozi ya kahawia yenye wekundu, na kwamba watu wengi wa visiwa vile si weupe. Kituo cha Sci Fi kilipotoa tamthilia yake Desemba 2004, Ged akawa mzungu, na ni Le Guin mwenyewe aliyelazimika kuandika makala ya kupinga. Badiliko hilo liligusa moyo wa vitabu, kwa sababu mwandishi alikuwa amelikusudia. Mwaka 2022 waigizaji weusi wa The Rings of Power walitukanwa kiasi kwamba watengenezaji walitoa tamko la kulaani ubaguzi, na Amazon ikazuia maoni ya watazamaji kwa saa 72 ili kuchuja yaliyoandikwa kwa hila. Leah Jeffries, msichana mdogo tu, alishambuliwa kwa kupewa nafasi ya Annabeth katika Percy Jackson, hadi Rick Riordan, mwandishi wa vitabu hivyo, akajitokeza kumtetea.

Kwa hiyo alama za watazamaji zisomwe kwa tahadhari. Ndani ya nyota moja wamo msomaji aliyevunjwa moyo na ufa wa kweli, mtu aliyechukia rangi ya mwigizaji, na asiyetazama hata dakika moja. Kuwachanganya ni kumdhulumu wa kwanza na kumsitiri wa pili.

Walipopatia

Msimu wa 3 ulianza Machi 13, 2025. Kipindi chake cha 4 kinamchukua Rand hadi Rhuidean, mji mtakatifu wa Aiel, sehemu ambayo wasomaji wengi huiona kuwa kilele cha The Shadow Rising, kitabu cha mwaka 1992, na pengine cha mfululizo mzima. Rand anapita katikati ya nguzo za kioo, na kila hatua anaishi maisha ya babu yake wa nyuma zaidi, hadi anaifikia aibu ambayo Aiel wameificha: kwamba wapiganaji hawa wakali walitokana na watu wa amani walioapa kutoshika silaha. Tamthilia ilipunguza hatua na kufupisha maisha kadhaa. Stradowski aliwaigiza mababu mwenyewe, uso mmoja ukipita katika vizazi. Wasomaji waliokuwa wakali tangu 2021 walikisifu kipindi hicho kwa kauli ambazo mtu asingezitarajia kutoka kwao.

Kilichobaki pale ni mnyororo. Huyu alichagua hivi, ndiyo maana mwanawe akachagua vile, ndiyo maana mjukuu akasahau. Pete chache zilitolewa bila mnyororo kukatika.

Msimu wa 2 ulikuwa umeshatoa dalili. Egwene anatekwa na Waseanchan, wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari, anavalishwa kola inayomfanya mtumwa, na mtekaji wake Renna anamvunja roho polepole, siku baada ya siku. Kitabuni marafiki zake wanamwokoa. Kwenye runinga anajiokoa mwenyewe, kwa kumvalisha Renna kola ileile. Hilo ni badiliko kubwa, na wengi walilipokea, kwa kuwa kila hatua ya mateso yale ilikuwa imeoneshwa na kisasi kilizaliwa ndani ya sheria zilezile zilizomfunga.

Sasa Daenerys anaeleweka. Misimu sita ya kwanza ya Game of Thrones ilikuwa na vipindi 10 kila mmoja. Wa 7 ukawa na 7, wa 8 ukawa na 6, kwa uamuzi wa Benioff na Weiss, ingawa kituo cha HBO kilikuwa tayari kwa zaidi. Majeshi yaliyokuwa yakitumia msimu mzima kuvuka nchi sasa yalifika ndani ya kipindi kimoja. Binti aliyekuwa akiwafungua watumwa alihitaji njia ndefu hadi kuwachoma raia, na njia hiyo ilikatwa. Watu milioni moja hawakusema kwamba jambo lile haliwezekani. Walisema hawakupelekwa pale.

Mwenyewe naona kipimo hiki kinashika mambo mengi, lakini hakiyashiki yote, na kipindi cha mwisho cha The Wheel of Time ndicho kinachonisumbua. Siuan Sanche, kiongozi wa Mnara Mweupe, anapinduliwa na Elaida, Aes Sedai mpinzani wake. Katika vitabu ananyang'anywa uwezo wa kutumia nguvu yake lakini anaishi. Aliyekuwa mwanamke mwenye mamlaka kuliko wote duniani anaanza upya bila cheo wala uwezo, na mashauri yake kwa waasi ni miongoni mwa mambo ninayoyapenda zaidi katika juzuu za katikati. Kwenye runinga anakatwa kichwa. Sophie Okonedo aliigiza dakika zile kwa namna inayomfanya mtu ashike pumzi. Sababu zote zipo: mapenzi yake na Moiraine, Aes Sedai mwenzake, yalijengwa tangu msimu wa 1, chuki ya Elaida ilipandwa taratibu, na hakuna sheria ya ulimwengu iliyovunjwa. Bado kundi la wasomaji liliomboleza, na lilikuwa na haki, kwa kuwa lilijua maisha mazima ya baadaye yaliyofutwa pale, na jinsi hadithi za fantasia zilivyo na wanawake wachache wanaopoteza kila kitu kisha wakaonyeshwa wakiendelea kuishi.

Watetezi walijibu kwamba nafasi ile ingejazwa, kwamba kazi ya Siuan ingepewa mwingine, huenda Leane, msaidizi wake, huenda Moiraine. Inawezekana. Msimu wa 4 ndio ambao ungejibu, lakini Mei 23, 2025, wiki tano baada ya kipindi hicho, Prime Video ilitangaza kwamba hautakuwepo, na pande zote mbili zikabaki na hoja zisizo na kipindi cha kuzithibitisha.